Ripoti ya Mwanao Yataja "Matarajio": Je, Wayajua?



Ndugu msomaji, kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Wabaada.

Muhula mpya umeanza, na wazazi wengi wenye watoto katika Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, wamekwisha kuziweka kabatini ripoti za muhula uliopita. Ndani ya ripoti hizo limo neno moja linalorudiwa mbele ya kila somo, nalo ni matarajio. Mtoto ama amezidisha matarajio, ama ameyafikia, ama ameyakaribia, ama yuko mbali nayo. Mara nyingi huandikwa kwa herufi mbili za Kiingereza tu: EE, ME, AE au BE, na katika mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 9 kila ngazi hugawanywa mara mbili, zikawa ngazi nane. Hizi ndizo zilizochukua mahali pa alama na nambari ya darasani tulizozizoea sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4.

Mzazi akiletewa ripoti yenye AE katika Kiingereza na katika Elimu ya Jamii, hufurahi au huhuzunika kwa kukisia. Hajui mtoto amekaribia kitu gani, wala kimebaki kiasi gani akifikie, kwa sababu hakuna aliyemweleza mwanzoni mwa mwaka kwamba darasa lile lilikuwa likitarajia nini. Hali ni kama ya mtu anayetozwa deni ambalo mkataba wake hakuwahi kusomewa. Ndiyo maana makala ya leo yanakusudia kuufungua mkataba huo kwa masomo mawili, Kiingereza na Elimu ya Jamii, ili mzazi awe na la kuuliza shuleni na la kufanya nyumbani, hata kama yeye mwenyewe hakijui Kiingereza.

Kwa nini masomo haya mawili

Tangu mwaka 2024 masomo ya Sekondari Msingi yalipunguzwa yakawa 9. Kiingereza kina vipindi 5 kwa wiki, na Elimu ya Jamii ina vipindi 4, na kila kipindi ni dakika 40. Ukijumlisha, mtoto wako huketi saa 6 kila wiki katika masomo haya mawili peke yake. Hizo si saa chache.

Tena matokeo ya mwisho hayatokani na mtihani wa siku moja. Katika hesabu ya Gredi ya 9, mtihani wa kitaifa wa KJSEA huchukua asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 huchukua asilimia 20, na kazi zinazotathminiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8 huchukua asilimia 20 iliyobaki. Maana yake ni kwamba mzazi anayengoja Gredi ya 9 ndipo aanze kufuatilia, amekuta asilimia 40 za hesabu zimekwisha kufungwa. Watoto wa mwanzo waliopita njia hii waliufanya mtihani huo mwishoni mwa mwaka 2025, wakaingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka 2026, na huko wamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kijana anayetamani uanasheria, uandishi wa habari, ualimu wa historia au utumishi wa umma, mlango wake unajengwa sasa hivi, katika saa hizo 6 za wiki.

Liko jambo la tatu ambalo wazazi wengi wa Kiislamu hawalitilii maanani. Somo letu la Elimu ya Dini ya Kiislamu, katika shule za Kenya, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wako watoto waliohifadhi juzuu kadhaa, wanaozijua nguzo za udhu na sharti za sala kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ambao wakikabidhiwa swali la dini yao wenyewe katika karatasi ya mtihani hushindwa kulijibu. Elimu wanayo, lakini lugha ya kuitolea hawana. Kwa hiyo asiyekipa Kiingereza uzito kwa hoja kwamba yeye anajali dini, ajue kwamba mtoto wake atayapoteza yote mawili katika karatasi moja.

Kiingereza kinatarajia nini

Mtaala wa Kiingereza umegawanywa sehemu nne: kusikiliza na kuzungumza, kusoma, matumizi ya sarufi, na kuandika. Katika sehemu zote hizo hutaona mahali ambapo mtoto anatakiwa azungumze kwa pua kama Mzungu, wala mahali ambapo anatakiwa ahifadhi maneno magumu ya kuwapambia wageni mezani. Sisi wazazi ndio wenye matarajio hayo. Tunamtaka mtoto "aporomoshe" Kiingereza mbele ya shangazi zake, naye akishafanya hivyo tunaridhika, hali darasa linamtarajia jambo jingine kabisa.

Linamtarajia asikilize mazungumzo hadi mwisho, ajibu kwa adabu na kwa mpango. Linamtarajia asome ukurasa mmoja aelewe kinachosemwa wazi na kinachodokezwa. Linamtarajia aandike barua, insha au maelezo, arudie kuisoma kazi yake, aone makosa, kisha aiandike upya. Na linamtarajia asome vitabu vya hadithi kwa hiari yake, mbali na vitabu vya kiada, kwa kuwa lugha haikai kichwani kwa vipindi 5 peke yake.

Jamii yetu ina hazina kubwa katika jambo hili, nayo ni hifdhi. Mtoto aliyezoea madrasa ana kumbukumbu imara, ana uvumilivu wa kurudia, na ana heshima kwa kitabu. Lakini wanazuoni wetu, pamoja na kuitukuza hifdhi na tajwidi, waliisimamisha elimu ya tafsiri pembeni yake, kwa kujua kwamba kutamka na kufahamu ni milango miwili. Katika Kiingereza watoto wetu wengi wamefunguliwa mlango wa kwanza tu. Humkuta kijana akisoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, pasipo kukwama, na ukimwuliza umesema nini, hutazama chini.

Hapa mzazi asiyejua Kiingereza ana kazi ambayo hakuna mwingine atakayemfanyia. Mtoto akimaliza kusoma, mwambie afunge kitabu akusimulie kwa Kiswahili: Nani alifanya nini? Kwa nini? Mwandishi alitaka tuamini nini? Akiweza kukusimulia, basi amefahamu, na kilichobaki ni lugha ya kujibia. Asipoweza, hakufahamu, hata kama matamshi yake yanapendeza. Dakika 15 za mazungumzo kama hayo baada ya chakula cha usiku zina faida kuliko masomo mengi ya ziada ya kulipia.

Wazee wetu wa zamani waliiogopa shule ya Kiingereza kwa sababu nzito. Nyingi katika shule za mwanzo zilikuwa za wamisheni, na mzazi alihofia kumpeleka mwanawe akarudi na dini nyingine. Hata hivyo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa na papo hapo akawaonya wasiige kila tabia ya Wazungu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, akaja kuwa miongoni mwa wanazuoni wa Kiafrika waliosikilizwa sana duniani, na lugha aliyoitumia kuutetea Uislamu na Afrika mbele ya walimwengu ilikuwa Kiingereza. Baba na mwana hao wametuonyesha kwamba hofu ya wazee ilikuwa na dawa, na dawa yake haikuwa kuikimbia shule.

Elimu ya Jamii inatarajia nini

Somo hili hudharauliwa kwa kudhaniwa kuwa ni la kukariri: tarehe, majina ya milima, majina ya watawala. Kukariri kumo, lakini ni sehemu ndogo. Mtoto anatarajiwa aisome ramani na kuitumia, aeleze kwa nini watu wamejaa mahali fulani na kwingine ni wachache, aitazame historia ya Afrika na kueleza sababu na matokeo yake, na ajue haki na wajibu wake kama raia. Zaidi ya hayo, anatarajiwa atoke nje ya darasa, akahoji watu, akapime, akaandike alichokiona, kisha akilete darasani pamoja na ushahidi wake.

Neno ushahidi ndilo roho ya somo hili, na kwetu si neno geni. Mwislamu amelelewa katika umma ambao haukupokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) mpaka ulizwe mnyororo wa wapokezi wake: nani kasema, kaisikia kwa nani, na je, mtu huyo ni mwaminifu? Na katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakikisha habari inayoletwa na mtu asiyeaminika kabla hatujaitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mwalimu wa Elimu ya Jamii anapomtaka mtoto aeleze habari yake ameitoa wapi, anamtaka alifanye jambo ambalo dini yake imekwisha kumfundisha. Mzazi akilieleza hivyo nyumbani, somo litaacha kuwa la watu wengine.

Chukua mfano wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Mtoto wetu aambiwe aifungue mwenyewe. Atakuta ibara ya 7 imevitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Atakuta ibara ya 32 inalinda uhuru wa kuabudu, ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima, na ibara ya 170 imeweka mahakama za Kadhi. Kijana aliyezisoma ibara hizo kwa macho yake, akazielewa kwa Kiingereza zilivyoandikwa, ataweza kesho kuzitetea haki za jamii yake kwa hoja. Aliyezisikia barazani tu atakuwa na kelele.

Mlango ambao wazazi huuogopa

Katika somo hili zimo mada ambazo baadhi ya wazazi wetu wangependa zirukwe, na kubwa kati ya hizo ni biashara ya watumwa. Mtoto hurudi nyumbani akauliza: "Baba, ni kweli waliowauza watu walikuwa Waislamu?" Na jawabu analopewa mara nyingi ni mojawapo ya mawili. Ama hukaripiwa na kuambiwa kwamba ni uongo wa vitabu vya Wazungu, ama huachwa aondoke na dhana kwamba dhambi ile ni ya dini yake. Majawabu yote mawili yanamdhulumu.

Ukweli ni kwamba biashara hiyo ilikuwako katika pwani yetu, na Waislamu walikuwamo miongoni mwa wafanyabiashara wake, pamoja na watu wa mataifa na dini nyingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Hapa Mombasa, mtaa wa Frere Town ulianzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kuwapa makazi watu waliookolewa utumwani, na kengele yao iliyowaonya wenyeji dhidi ya wateka watu ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni, jina ambalo makondakta wa matatu hulitaja kila siku na abiria wengi hawajui asili yake. Utumwa kisheria ulikomeshwa Kenya mwaka 1907. Mtoto wa Kisauni anapita juu ya historia hiyo akienda shule.

Mfundishe mtoto aseme hayo bila ya kuficha. Kisha mfundishe na upande wa pili: kwamba Qur'ani imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ni ibada kubwa na kuwa ni kafara ya makosa mengi, na kwamba mtu akiivunja amri ya dini yake kwa tamaa ya mali, hesabu ni yake. Mtoto aliyezoezwa hivyo akiandika insha yake ataandika kwa uadilifu, na mwalimu ataona ana ushahidi wa pande zote. Qur'ani imetuamrisha kusimama na haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hili ni agizo la Suratun Nisaa, aya ya 135. Wapi pengine mtoto atalifanyia mazoezi agizo hilo akiwa bado mdogo, kama si katika somo kama hili?

Ngazi nne katika swali moja

Ili mzazi aone kwa macho tofauti ya ngazi zile nne, natunga mfano unaochanganya masomo yote mawili. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Katika maelezo ya safari yake ametaja kwamba wenyeji hawakuwa wakilima nafaka, ila waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Na kwamba walikuwa watu wachaji, wa madhehebu ya Shafi, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Sasa tuseme mwalimu amewapa wanafunzi kifungu cha maelezo hayo kwa Kiingereza, na ameuliza: Kifungu hiki kinatuonyesha nini kuhusu uhusiano wa Mombasa na majirani zake?

Mwanafunzi wa kwanza ananakili sentensi mbili za kifungu kama zilivyo. Huyu yuko mbali na matarajio, hata kama mwandiko wake ni mzuri, kwa sababu hatujui kama ameelewa.

Wa pili anaandika kwa maneno yake kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki na waliletewa nafaka. Ni kweli, lakini swali la uhusiano hakulijibu. Huyu ameyakaribia matarajio.

Wa tatu anaandika kwamba Mombasa iliwategemea majirani kwa nafaka, na anatoa ushahidi kwa kukitaja kifungu chenyewe: hawakulima nafaka, waliletewa. Ametoa hoja, ameitegemeza, na sentensi zake zinasomeka. Ameyafikia.

Wa nne anafanya kama wa tatu, kisha anafungua ramani na kuonyesha kwamba Mombasa ni kisiwa kidogo chenye bandari, hivyo kilimo kikubwa cha nafaka kingekuwa kigumu na biashara ya vyombo ingekuwa nyepesi. Tena anatahadharisha kwamba msafiri alikaa muda mfupi, kwa hivyo huenda hakuona yote. Huyu amezidisha.

Tazama, ndugu msomaji, kwamba umbali kati ya wa kwanza na wa nne hauko katika wingi wa maneno ya Kiingereza. Uko katika kufikiri. Na kufikiri huko kunaweza kuanza kwa Kiswahili, ukumbini kwenu, baada ya Isha.

Kazi ya mtoto iwe ya mtoto

Nafika kwenye jambo linalonisukuma kuandika wiki hii. Imekuwa desturi mtoto akipewa kazi ya mradi, mzazi humpa pesa aende duka la saiba, na kijana wa saiba hutafuta, hunakili, huchapisha kwa rangi na kutia jalada. Siku hizi hata saiba haihitajiki, kwani simu ya mama ina programu ya akili bandia itakayoandika insha nzima kabla chai haijapoa. Kazi hupelekwa shuleni inang'aa, na mtoto hajui kilichomo.

Wazazi wanaofanya hivyo hufanya kwa huruma, na kwa kuwa kazi zenyewe ni nyingi. Lakini tuyapime matokeo yake. Kazi hizi ndizo zinazohesabiwa katika asilimia 20 ya Gredi ya 7 na ya 8, kwa hiyo kuwasilisha kazi ya mwingine kwa jina la mtoto ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) ametamka waziwazi kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hatuwezi kumfundisha mtoto hadithi hiyo madrasa siku ya Jumamosi, kisha siku ya Jumapili tukamlipia ghushi yake kwa shilingi mia mbili. Na hata tukiliacha la dini, mtoto huyo ataingia chumba cha mtihani wa Gredi ya 9 peke yake, bila ya saiba na bila ya simu, na pale ndipo itakapojulikana kwamba miaka mitatu haikumjenga.

Simu si haramu, wala programu hizo si haramu. Mtoto anaweza kuitumia kutafuta maana ya neno, au kuulizia jambo asilolifahamu, kisha akaifunga na kuandika kwa mkono wake. Kipimo ni kile kile: akusimulie kazi yake bila ya kuitazama. Akishindwa, hiyo si kazi yake, na afadhali aende na ukurasa mmoja uliojaa makosa yake mwenyewe, kwa kuwa mwalimu huyasahihisha makosa aliyoyaona.

Nani anatarajiwa nini

Matarajio ya darasa si ya mtoto peke yake. Mwalimu naye anatarajiwa aseme mapema mambo yatakayopimwa, arudishe kazi ikiwa na maelezo ya kumsaidia mtoto, na aheshimu ibada na stara ya watoto wa Kiislamu. Wakati huohuo tuwe waadilifu kwake. Katika shule nyingi za Sekondari Msingi walimu ni wachache, na aliyesomea masomo mawili hujikuta akifundisha manne au matano. Mzazi anayefika shuleni kwa ukali tu, na ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano hata mmoja, hana haki kamili ya kulalamika.

Kwa hiyo mkutano wa wazazi wa muhula huu ukiitishwa, baba asimwachie mama peke yake. Nendeni na maswali haya matano, muandike majawabu:

1. Katika muhula huu, mtoto anatarajiwa aweze kufanya nini katika Kiingereza na katika Elimu ya Jamii?
2. Ni kazi zipi zitakazotathminiwa, na zitatolewa lini?
3. Mtoto wangu yuko ngazi gani, na ni kitu gani hasa kinachomzuia kupanda?
4. Ni kitabu gani cha hadithi anatakiwa akisome nyumbani?
5. Nifanye nini nyumbani mimi nisiyekijua Kiingereza?

Swali la tatu msiliache hata mkionekana wasumbufu. "Hajitahidi" si jawabu. "Anasoma vizuri lakini haandiki kwa ushahidi" ni jawabu, kwa kuwa linaonyesha pa kuanzia.

Na sisi wa msikiti na madrasa tuna sehemu yetu. Mtoto anayetoka shule saa kumi, akaenda madrasa hadi Magharibi, akarudi nyumbani kwenye kazi za masomo manne, ni mtoto aliyechoka, na uchovu huo humtafuna katika pande zote mbili. Maustadhi na walimu wa shule wanaishi mtaa mmoja, wengine husali safu moja, lakini ni nadra kukaa wakazungumzia mzigo wa mtoto huyo mmoja wanayemfundisha wote. Ninapendekeza kila kamati ya msikiti iwakutanishe mara moja kwa muhula, ili wiki za tathmini za shule zijulikane madrasa, na wiki za mitihani ya madrasa zijulikane shuleni. Ninapendekeza tena kwamba muda ule mtukufu baina ya Magharibi na Isha, angalau siku mbili kwa wiki, utengewe watoto wa Sekondari Msingi wasome kwa utulivu chini ya usimamizi wa vijana wetu wa vyuo, wavulana upande wao na wasichana upande wao. Taa zinawaka, mikeka ipo, na vijana waliosoma tunao. Hakuna harambee inayohitajika.

Neno la kwanza kuteremshwa kwa Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa ni amri ya kusoma. Mtoto wa Gredi ya 7 anayekaa leo kwenye dawati lake, kitabu cha Kiingereza mkono wa kulia na ramani ya Afrika mkono wa kushoto, yumo ndani ya amri hiyo iwapo nia yake ni njema na kazi yake ni ya halali. Tusimwache ayatafute matarajio yake gizani, kisha tumgombeze mwisho wa mwaka kwa kutoyaona.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape walimu wao subira na ujira mwema, na atujaalie sisi wazazi kuwa wachunga wema wa amana aliyotukabidhi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.